Mtoto Juu ya Kioo

Kwiiii!

Kile kiti kibovu cha chumba cha mitambo, ambacho hakuna mtu alikuwa anakikalia kwa hiari yake, kililia kama mlango wa stoo, na hata kabla hajageuka Kidole akajua mambo yameharibika. Bosi amekaa.

"Leo nipo hapa hapa," Bosi akasema, akakisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. "Mpaka kipindi kiishe."

"Karibu sana, Bosi," Kidole akajibu kwa mdomo. Moyoni alisema kitu kingine, hakifai mbele ya wakubwa.

Kidole, binti aliyepachikwa jina hilo kwa kubonyeza vitufe kutwa, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye ile meza yenye vitufe vingi kama punje za mahindi na kuhakikisha sauti inatoka vizuri. Mbele yake kulikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na kachumba kadogo kasikopitisha kelele, na humo ndani alikuwa amekaa Shangazi. Shangazi wake wa kweli, dada wa baba yake, si wa kuitana tu. Kituo kizima cha televisheni kilimwita hivyo hivyo, Shangazi, na nje ya kituo watu wasiomjua sura walimjua kwa sauti.

Maana kila Jumapili jioni kituo kilikuwa kinaonyesha zile filamu za elimu: leo wanyama, wiki ijayo falme za zamani, wiki nyingine ubongo wa binadamu. Zililetwa na sauti ya kigeni. Vituo vingine vinarekodi Kiswahili mapema, taratibu, ukikosea unarudia. Hapa hapana. Hapa tangu enzi za kanda walizima ile sauti ya kigeni na Shangazi akasimulia laivu, picha inakwenda na yeye anakwenda. Na watu waliipenda vibaya sana! Chui akiruka, Shangazi anashtuka kweli. Nyani akifanya upuuzi, Shangazi anacheka kweli.

Ndivyo ilivyokuwa, mpaka macho yalipoanza kumsaliti.

Yaliisha taratibu, kama sabuni. Daktari wa macho hakumzungusha: hayatarudi. Cha karibu kabisa, puani pako, anakiona. Kinachozidi hapo ni ukungu mtupu. Skripti haoni, skrini haoni, na hakuna aliyejua isipokuwa Kidole.

Wakatengeneza mbinu yao. Mchana Kidole anamsomea skripti jikoni huku wakimenya vitunguu, na Shangazi anaikariri yote, kichwa chake kinanasa maneno kama sweta linavyonasa manyoya. Halafu jioni kazini kuna kitufe chekundu: Kidole akikibonyeza, kipaza sauti chake kidogo kinamfikia Shangazi peke yake kwenye hedifoni. Basi anakigonga hicho kipaza sauti kwa ukucha. Tk, maana yake anza sentensi. Tk tk, nyamaza. Kwaruu, geuza karatasi, ili mtu akichungulia aone anasoma. Hata kwenye korido walikuwa na ujanja: Kidole alivaa viatu vya kisigino kigumu vinavyogonga sakafu, vinambana hatari, na Shangazi anafuata mlio nyuma huku kanyoosha shingo kama malkia.

Ilikwenda vizuri mpaka Jumapili iliyopita. Kalamu ya Kidole iliteleza ikagonga kipaza sauti. Tk! Shangazi akajua ni zamu yake. Kwenye skrini mamba kamdaka swala shingoni, maji yanaruka, na sauti tamu inasema, "Na hapa mama anambusu mwanawe kwa upole wote."

Nchi nzima ilicheka. Kile kipande kikazunguka kwenye simu mpaka watoto wakawa wanabusiana mikono kwa meno.

Ndiyo maana Bosi kakaa.

"Sitaki maneno mengi," akasema, akionyesha dirisha kwa kidevu. "Leo maneno yakipishana na picha, hata mara moja, Jumapili ijayo pale pana mtu mwingine. Nina kijana mmoja, sauti nzuri, anasubiri simu yangu tu."

"Hayatapishana, Bosi."

Na Kidole aliamini anachosema, kwa sababu filamu ya leo ilikuwa ya nyegere, na hiyo walikuwa wameimeza. Wiki nzima nyumbani ni nyegere kula, nyegere kulala, hata jirani mmoja mkorofi Shangazi alishaanza kumwita nyegere.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee wa Kanda, yule anayerusha vipindi hewani, ana karatasi mkononi na jasho usoni.

"Nyegere kafa," akasema.

"Unasemaje?"

"Faili limegoma. Akitia tu kichwa mzingani, picha inaganda. Nimejaribu mpaka nimechoka. Naweka ile ya watoto wachanga, ndiyo pekee iliyo tayari. Skripti hizi, bado za moto kutoka kwenye printa." Akamimina karatasi mezani. "Fanyeni haraka, nina matangazo mawili tu ya kuwapa nafasi."

Bosi akatabasamu. "Afadhali! Hapo ndipo tutamjua msomaji."

Kidole akainuka. Akabeba nakala moja, akasukuma mlango wa kachumba, akaufunga nyuma yake. Shangazi alikuwa amekaa wima, miwani puani, miwani isiyomsaidia kitu.

"Nyegere wangu yuko tayari?"

"Shangazi, nyegere hayupo. Wamebadilisha. Ni watoto wachanga, jinsi wanavyokua. Hatujaisoma hii. Hata mimi sijawahi kuiona."

Shangazi akazivuta hedifoni zikae sawa. "Basi utanisomea sikioni, mstari kwa mstari. Nitakufuata."

"Bosi kakaa ubavuni kwangu! Magoti yanagusana! Nikifungua mdomo tu anajua. Shangazi, hebu tumwambie sasa hivi, kabla hatujaumbuka."

Mkono wa Shangazi ukamkamata kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa baridi.

"Asijue. Umenisikia, mama? Nikitolewa humu sirudi tena. Kule nyumbani nina ukuta, dirisha, ukuta. Humu ndani ndimo bado namuona simba. Asijue. Niahidi."

"Shangazi..."

"Niahidi!"

"Nakuahidi."

Alirudi mezani akili inazunguka kama feni. Karibu na mlango Mzee wa Kanda alikuwa ameacha kikombe chake cha kahawa, kikubwa kama ndoo ya mtoto. Kidole akakichukua. Halafu akachomoa hedifoni nyingine, ile nene, akampa Bosi kwa heshima zote.

"Bosi, kama unataka kuhukumu sauti kikwelikweli, usisikilize hizi spika, zinadanganya. Vaa hizi."

"Eeh, hapo umesema." Bosi akazivaa, akajiona fundi. Kidole akazipandisha sauti mpaka karibu na mwisho.

Tangazo la sabuni likaisha. Muziki. Taa nyekundu ikawaka juu ya dirisha.

Akainua kikombe mpaka mdomoni, akakiinamisha kama anayekunywa, akabonyeza kitufe na kunong'ona ndani ya kahawa: "Mtoto mchanga anapofungua macho..."

"Mtoto mchanga anapofungua macho," sauti ya Shangazi ikatoka, nzito, tulivu, kama hakuna kinachoungua popote.

"...kwa mara ya kwanza, haoni kama unavyoona wewe."

"Kwa mara ya kwanza, haoni kama unavyoona wewe."

Mungu wangu, ilikuwa inakwenda! Nusu sentensi nyuma, lakini inakwenda. Kidole jicho moja lipo kwenye karatasi, jingine kwenye skrini, na la tatu, angekuwa nalo, angelibandika kwa Bosi. Bosi alikuwa anatikisa kichwa na muziki.

"Anaona mwanga na kivuli. Kila kilicho mbali..." Kidole akakwama. Hakutaka kuusoma ule mstari. Akausoma. "Kila kilicho mbali ni ukungu."

Nyuma ya kioo Shangazi alichelewa kidogo. Pumzi moja tu.

"Kila kilicho mbali ni ukungu. Anachokiona vizuri ni uso wa aliyembeba, kwa sababu uko karibu."

Kidole akaangalia karatasi. Maneno yalikuwa karibu hayo hayo, na yeye hakuwa ameyasoma bado.

Kikombe kikainama zaidi, kahawa ikamwingia puani. Akakohoa ndani ya kikombe, na kule kwenye hedifoni za Shangazi bila shaka ilisikika kama nyumba inaanguka. Lakini Shangazi hakupepesa. Watoto wa kwenye skrini waliendelea kukodolea macho mistari myeusi na myeupe, na sauti iliendelea kuwasimulia.

Bosi akainua sikio moja la hedifoni. "Kahawa gani hiyo haiishi?"

"Ya moto, Bosi. Naipoza."

"Kwa kuinong'oneza?"

"Nd... ndiyo, mimi huipuliza."

Bosi akamwangalia. Akamwangalia Shangazi kupitia kioo. Akamwangalia Kidole tena.

"Mbona hageuzi karatasi? Si tuko ukurasa wa tatu?"

Balaa! Kidole alikuwa amesahau kabisa. Ukucha wake ukaenda wenyewe, kwaruu, na nyuma ya kioo Shangazi akageuza karatasi, mara moja, kwa madaha.

Bosi alikuwa anaangalia ule ukucha.

"Lete hiyo skripti," akasema. "Nataka kumfuatilia neno kwa neno."

"Bosi, mimi naihitaji ili..."

"Wewe kazi yako ni sauti. Lete." Akaichomoa mkononi mwake. Na hedifoni akazivua, akazining'iniza shingoni.

Kidole akabaki na kikombe.

Kwenye skrini likatokea jambo ambalo hakuwahi kuliona maisha yake. Meza kubwa, ya kioo kitupu juu. Upande mmoja, chini kidogo ya kioo, kimetandikwa kitambaa cha miraba. Katikati kile kitambaa kinashuka ghafla mpaka sakafuni, kama ukingo wa shimo. Na mtoto wa kutambaa, kanepi tu kiunoni, anakwenda moja kwa moja kwenye huo ukingo.

Shangazi alikuwa kimya. Alimaliza sentensi aliyopewa na hakuwa na nyingine. Alikuwa ameinua kichwa kidogo, upande upande, kama mtu aliyesikia hodi na anasubiri ya pili. Hewani palisikika viganja vya mtoto tu, pap, pap, juu ya kioo.

"Kanyamaza," Bosi akasema. "Mbona kanyamaza? Ameruka aya nzima! Wewe, bonyeza hicho kitufe umwambie asome!"

Pap, pap. Mtoto amefika ukingoni.

Kidole alimtazama Shangazi. Kati yao kilikuwepo kioo kimoja tu, na kwa Shangazi upande huu wote ulikuwa ukungu. Hakuweza kuona kwamba Bosi ana skripti. Hakuweza kuona uso wa Kidole. Alikuwa anasubiri kwa sababu anamwamini Kidole. Akisubiri sana, kazi imekwenda. Kidole akifungua mdomo, siri imekwenda, na kazi pengine inaifuata siri.

"Bonyeza!"

"Hawezi, Bosi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi kusoma. Haoni." Ikatoka hivyo, kavu. Kidole akaweka kikombe chini, akabonyeza kitufe chekundu, akaongea kwa sauti yake yote ya kawaida, mbele ya mkubwa wake. "Shangazi, nisamehe. Skripti anayo Bosi. Kuna meza ya kioo, kubwa. Mtoto anatambaa juu yake. Katikati chini yake pana kama shimo, yeye kasimama ukingoni, anachungulia chini. Upande wa pili yuko mama yake."

Shangazi alisikia neno Bosi, hilo halina shaka. Akavua miwani. Akaikunja, akailaza juu ya zile karatasi. Halafu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Tazama huyu mtoto," akaanza, polepole. "Amefika mahali ambapo ardhi imekwisha."

Bosi alikuwa ameganda kama yule nyegere wa kwenye faili.

"Sasa anainua mkono," Kidole akaendelea, "anataka kuuweka mbele... anaurudisha. Shangazi, sijui kama kioo kinaendelea au kinaishia hapo. Sijui kama ataanguka." Akageuka. "Bosi! Hapo pameandikwaje? Kioo kinafika mwisho?"

Bosi alishika karatasi. Akatafuta mstari juu, akautafuta chini.

"Bosi, watu wote majumbani wanadhani mtoto anaanguka! Kinafika au hakifiki?"

Filamu haimsubiri mtu. Mtoto aliweka kiganja kimoja juu ya shimo.

Kwiiii, kiti kikalia, na Bosi akainamia kile kipaza sauti kidogo, karatasi imemkaribia pua. "Kioo... kinaendelea hadi upande wa pili," akasoma, kama mtu anayetafuta miiba kwenye samaki. "Ni kinene. Mtoto hayuko... hayuko hatarini. Watafiti wanataka kujua, eh, mtoto anapoona hatari, anamtazama nani."

Kule ndani Shangazi alitega sikio kwa ile sauti mpya. Uso wake ulibadilika na kurudi.

"Msihofu," akawaambia watazamaji. "Kioo kipo mpaka mwisho, kinene, kinambeba. Ila yeye haamini. Macho yake yanamwambia ni shimo. Na mtu akishindwa kuyategemea macho yake afanye nini? Haya, tazameni. Anainua kichwa. Anatafuta uso anaoujua."

Bosi alikuwa anafuata mistari kwa ukucha, akakwama. "Hii haipo hapa."

"Najua," Kidole akasema.

"Na mama yake," Shangazi akauliza, hewani, kana kwamba anawauliza watu wote walioko mbele ya televisheni, "mama yake anafanyaje?"

Kidole alisogea kwenye skrini. Kamera ilikuwa inamkaribia yule mama. Mama alikuwa hajafanya kitu bado. Mtoto anamtazama, mama anatazama, na chumba kizima cha mitambo hakuna anayevuta pumzi, hata Mzee wa Kanda aliyekuwa amechungulia mlangoni kutafuta kikombe chake.

"Anatabasamu," Kidole akasema. "Shangazi, anatabasamu! Anamfungulia mikono."

"Mama anatabasamu," Shangazi akasema. "Basi. Hilo tu ndilo alilokuwa anasubiri."

Na mtoto akaenda. Pap, pap, pap, juu ya ule utupu, tako linayumba, mate yanadondoka, mpaka kwenye mikono ya mama yake. Na Shangazi, ambaye hakuona hata kivuli chake, akacheka kile kicheko chenyewe, kile cha zamani.

Muda uliobaki walikwenda watatu. Bosi anasoma, akijikwaa, Kidole anasema picha iko wapi, na Shangazi anachukua kwa huyu na kwa yule anatoa kitu kimoja. Muziki wa mwisho ukapiga. Taa nyekundu ikazimika.

Hapo sasa ndipo palipokuwa patamu kama pilipili.

Shangazi alitoka kwenye kachumba akipapasa fremu ya mlango, wazi wazi, hajifichi tena. "Huyo kijana wako wa sauti nzuri yuko wapi?" akasema kuelekea mahali kiti kilipolilia. "Mlete nimwachie hedifoni zikiwa bado zina joto."

"Tangu lini?" Bosi akauliza.

"Tangu ile filamu ya pundamilia. Niliona punda weupe tu."

Mzee wa Kanda alikohoa kuzuia kicheko. Bosi hakucheka.

"Na yule mamba wa mabusu?"

"Kalamu yangu, Bosi," Kidole akasema. "Ilianguka kwenye kipaza sauti. Yeye hakukosea hata siku moja. Kama ni kufukuza, anza na kalamu yangu."

"Nyamaza wewe na kahawa yako." Bosi alizipanga karatasi, akazigonga gonga mezani zilingane, akazipanga tena. "Yale maneno. Ya mtu akishindwa kutegemea macho yake. Hayamo."

"Hayamo," Shangazi akakubali.

"Usiongeze maneno tena..." Akasita. "Bila kuniambia mapema. Nimetafuta mstari mpaka nimeona aibu." Akainuka, kiti kikalia kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposema bila kugeuka: "Na mtafute kiti kingine. Jumapili ijayo siwezi kusoma nikiwa juu ya hiki. Yule kijana nitampa habari za michezo."

Akaenda. Mzee wa Kanda akachukua kikombe chake, akachungulia ndani, akatikisa kichwa, akaenda naye.

Wakabaki wawili. Shangazi akakunja mikono kifuani, na Kidole aliona afadhali hata Bosi arudi.

"Uliniahidi," Shangazi akasema.

"Niliahidi."

"Na ukasema."

"Nikasema, Shangazi. Ulikuwa umekaa unanisubiri..."

"Njoo hapa." Akanyoosha mkono, akampata kidevu, akamvuta karibu, karibu zaidi, mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamchunguza hivyo, jicho hili, jicho lile. Kidole alijiandaa kwa lolote.

"Una duara la kahawa," Shangazi akasema. "Kutoka puani mpaka kidevuni. Umekaa na Bosi muda wote huo ukiwa hivi?"

"Muda wote."

"Na bado akakuamini unakunywa!" Akamfuta kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama anamsugua sufuria, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Haya, twende nyumbani. Usitangulie. Leo nishike mkono."

Kidole akainama akavua vile viatu vya kugonga, akavibeba kwa vidole viwili. Wakapita kwenye korido pole pole, mkono kwa mkono, mmoja peku, na kila waliyepishana naye akawaona.